Nguzo Huozea Shingoni

Ng'oa nguzo ya uzio iliyokatika baada ya miaka mitano au sita, uitazame kuanzia juu hadi chini. Sehemu iliyokuwa juu ya ardhi mara nyingi utaikuta nzima; imepauka kwa jua na kupata nyufa, lakini ukiigonga inalia. Ncha iliyokuwa chini kabisa ya shimo nayo, hasa kama shimo lilikuwa refu na udongo wake ni wa mfinyanzi, huenda ikawa na nafuu kuliko ulivyotarajia. Kilichoisha ni kipande kifupi cha kati, kuanzia vidole vichache juu ya ardhi hadi sentimita 30 hivi chini yake. Hapo mti umelainika, unabonyea, unamegeka kwa mkono. Nguzo huozea shingoni, na hilo linatosha kueleza kwa nini njia nyingi za kuzuia uozo hazifui dafu: karibu zote zinachukulia kwamba adui ni maji. Maji peke yake hayaozeshi mti. Kinachouozesha ni kukutana kwa maji na hewa, na pale yanapokutana ndipo fedha na jasho la mwenye nguzo vinapopaswa kwenda.

Uozo si kuchoka kwa mti, ni mlo wa kuvu. Nyuzi za kuvu, nyembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho, hupenya ndani ya seli za mti na kumwaga vimeng'enya na kemikali zinazovunjavunja selulosi, na kwa baadhi ya aina hata lignini inayoupa mti ugumu wake. Ili mlo huo uendelee, vitu vinne lazima viwepo kwa pamoja: chakula, joto la wastani, maji na oksijeni. Chakula ni nguzo yenyewe. Joto katika nchi zetu halikosekani, kwa kuwa kuvu nyingi za mbao hustawi kati ya nyuzi 20 na 30 za selisiasi. Yanabaki maji na hewa. Mti ukiwa na unyevu ulio chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu haziwezi kuuanza. Unyevu ukifika karibu asilimia 30, kuta za seli huwa zimeshiba, na maji ya ziada yanaanza kukaa ndani ya matundu ya seli. Kuanzia hapo kuvu hujilia zitakavyo. Lakini matundu hayohayo yakijaa maji hadi pomoni, hewa hukosa pa kukaa na kuvu nyingi hushindwa kupumua. Kwa hiyo nguzo moja huishi katika mazingira matatu. Juu ni pakavu mno. Chini kabisa hewa ni haba. Shingoni unyevu unapanda kutoka udongoni, hewa inashuka kutoka juu, na tabaka la juu la udongo, lenye mboji na viumbe tele, halichoki kuleta walaji wapya wa mbao.

Ushahidi wa jambo hili umesimama, au tuseme umezama, katika miji mikubwa. Kasri la Kifalme la Amsterdam, lililoanza kujengwa 1648, limebebwa na magogo 13,659 yaliyopigiliwa kwenye udongo laini. Kwa karne kadhaa magogo ya aina hiyo yamehimili majengo ya mji kwa sababu vichwa vyake viliachwa chini ya usawa wa maji ya ardhini, mahali ambapo oksijeni haifiki. Pale maji hayo yanaposhuka, vichwa hubaki wazi kwa hewa na huanza kuoza, na nyumba zilizo juu yake hupata nyufa. Venice nayo imesimama juu ya magogo yaliyozamishwa kwenye matope. Watu hupenda kusema kwamba yamegeuka mawe. Hayakugeuka, ni mbao zilizonyimwa hewa. Wala hazikusalimika kabisa, maana kuna bakteria wanaoweza kuutafuna mti hata pale oksijeni inapokuwa kidogo sana, ila kazi yao huenda polepole, kwa miongo na karne, ilhali kuvu hula kwa misimu ya mvua.

Upande wa pili wa ushahidi uko Japani, katika hekalu la Hōryū-ji. Nguzo ya kati ya mnara wake ilichongwa kutoka mti uliokatwa mwaka 594, kwa hesabu ya pete za mti huo. Ilisimikwa takriban mita tatu chini ya ardhi. Sehemu ya juu, iliyofunikwa na mapaa matano, ipo hadi leo. Sehemu iliyozikwa ilioza na kuacha shimo tupu. Ni mti uleule na umri uleule, kilichotofautiana ni mazingira tu. Wajenzi wa Norway walijifunza somo hilo kwa gharama: makanisa yao ya kwanza ya mbao yalikuwa na nguzo zilizochimbiwa ardhini, na yaliyobaki ni alama za mashimo. Yale yaliyofika hadi siku zetu, kama la Urnes la karne ya 12, yamesimama juu ya mbao za msingi zilizolazwa juu ya mawe. Hata kwetu mwambaoni hali ni hiyo. Boriti za mikoko zilizobeba dari za nyumba za mawe za Lamu na Unguja zimedumu vizazi na vizazi pale dari zisipovuja, lakini mti uleule ukichimbiwa ardhini kuwa nguzo ya nyumba ya udongo hauna maisha hayo.

Sasa tuje kwenye zege, dawa inayopendwa kuliko zote. Hoja yake inaeleweka: mti ukizungushiwa zege, udongo hauugusi, na maji hayaingii. Tatizo ni kwamba mti huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na zege halifuati. Baada ya misimu michache kunakuwa na mwanya mwembamba kati ya vitu hivi viwili, na mvua inayoteremka kwenye nguzo huingia humo na kukosa njia ya kutokea. Kama chini pia pamezibwa, fundi amejenga kikombe na kusimamisha nguzo ndani yake. Na kikombe hicho, ukitazama vizuri, kimewekwa shingoni hasa. Sisemi zege halifai. Linashikilia nguzo imara, na nguzo iliyotiwa dawa vizuri inaweza kukaa ndani yake bila shida. Nasema halizuii uozo. Atakayelitumia aache chini wazi juu ya tabaka la kokoto ili maji yachuje, na aupandishe uso wa zege juu kidogo ya ardhi, akiuinamisha ili maji yakimbie kutoka kwenye mti. Asiye na zege naye apige udongo kwa nguvu na kuujengea mgongo kuzunguka nguzo. Kazi hiyo haina gharama yoyote, na bado ni wachache wanaoifanya.

Kuna wanaochoma ncha ya nguzo hadi iwe mkaa, na wanaoichovya kwenye oili chafu ya injini. Mkaa wenyewe kuvu haziuli, hilo ni kweli. Lakini moto uliotengeneza mkaa huo pia hupasua uso wa mti, na kupitia nyufa hizo unyevu na kuvu hufikia mti mzima ulio ndani. Ndiyo maana majaribio ya nguzo zilizochomwa juujuu hayakuonyesha faida ya kutegemewa ardhini. Oili chafu hufukuza maji kwa muda, haiingii ndani, huoshwa na mvua, na huacha metali za injini kwenye udongo unaoota mboga. Lami ni bora kidogo ikiwa mti umekauka sawasawa kabla ya kupakwa. Ukiwa mbichi, umeufungia maji ndani. Mtu anaweza kuuliza: mbona mafundi wa majahazi hupaka deheni, na chombo hudumu miaka mingi baharini? Ni kwa sababu jahazi hupandishwa ufukweni, likasafishwa na kupakwa upya kila baada ya muda. Nguzo ikishazikwa, hakuna anayeifukua kuipaka tena, na ufa mmoja kwenye ganda la rangi unatosha kuwa mlango.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa msomaji wa Dodoma au Kitui, ambako mvua ni ya kutafuta: kwetu, atasema, nguzo haiozi, inaliwa na mchwa. Ana haki. Mchwa hawasubiri mti ulowe. Hubeba unyevu wao, hujenga njia za udongo juu ya mti, na aina kubwa kama Macrotermes hulima kuvu ndani ya kichuguu ili ziwasagie mbao wanazokusanya. Uyoga mtamu unaochomoza vichuguuni mvua zikianza ni zao la shamba hilo. Kwa hiyo katika nchi kavu, kokoto na mgongo wa udongo havitoshi, na hoja yangu ya maji na hewa inahitaji nyongeza: mchwa wanaweza kuingilia hata kwenye ncha ya chini na kuitoboa nguzo kimyakimya hadi ibaki ganda. Dhidi yao kuna njia mbili za uhakika: mti wenye sumu yake ya kuzaliwa, au mti uliotiwa sumu.

Sumu ya kuzaliwa hukaa kwenye kiini, ile sehemu ya ndani yenye rangi iliyokolea. Muhuhu, mwangati na mpingo imejipatia sifa ya kudumu kwa sababu ya kemikali zilizomo humo. Tabaka jeupe la nje, hata la mti mgumu kiasi gani, halina ulinzi huo. Mnunuzi anayechagua fito nyembamba za mti wenye jina kubwa mara nyingi ananunua tabaka jeupe tupu. Huko Oregon, Marekani, tangu miaka ya 1920 watafiti wamekuwa wakisimika nguzo za miti mbalimbali na kusubiri zianguke. Miti laini ilikatika ndani ya miaka michache. Ile yenye kiini kigumu kama Osage-orange ilivuka miongo. Shida ni kwamba miti ya aina hiyo hukua polepole mno, na misitu yetu ya muhuhu na mwangati imeshakatwa vya kutosha.

Njia ya pili ina jambo la kushangaza: mti usiofaa ndio unaofaa. Mwaka 1838 Mwingereza John Bethell alipata hataza ya kusukuma kreosoti ndani ya mbao kwa shinikizo, na mwaka 1933 Sonti Kamesam wa India akatengeneza mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki ulioenea dunia nzima. Shaba huua kuvu, aseniki huua wadudu, kromiamu hushikamanisha vyote na mti ili visioshwe. Dawa hizi hupenya kwenye tabaka jeupe na hugoma kwenye kiini. Ndiyo sababu mkaratusi mchanga, wenye tabaka jeupe nene, hutoa nguzo nzuri ya umeme, na ndiyo sababu kukata ncha ya nguzo iliyotiwa dawa, kuichonga au kuitoboa baada ya kutoka kiwandani ni kuufungulia uozo mlango. Ukilazimika kuikata, kata upande wa juu, na ncha ya kiwandani iende shimoni.

Hata hivyo dawa haimalizi kazi. Katika miaka ya 1970, huko Queensland, Australia, nguzo za mikaratusi zilizotiwa mchanganyiko huo zilikutwa zinaoza kabla ya wakati wake, na pa kuozea palikuwa shingoni. Aina ya kuvu inayovumilia maji mengi na hewa kidogo ilikuwa inachimba vishimo ndani ya kuta za seli, kwa kuwa katika miti ya namna hiyo shaba haisambai sawasawa. Mashirika ya umeme sehemu nyingi huchimba kuzunguka nguzo kiasi cha sentimita 45, hukwangua mti uliooza, hupaka dawa nzito yenye shaba au boroni, huizungushia karatasi isiyopitisha maji na kurudisha udongo. Boroni ina tabia nzuri: huyeyuka kwenye unyevu na kusafiri ndani ya mti kuelekea palepale palipolowa. Ikiwekwa kama vijiti ndani ya matundu yaliyotobolewa kwa mshazari karibu na ardhi, hukaa bila kazi wakati wa kiangazi na kuanza kazi mvua zinapokuja.

Yupo atakayesema tuachane na mbao, tuweke chuma au zege. Nguzo za zege ni nzuri pale lori linapofika. Kuzibeba hadi shamba la mlimani ni habari nyingine. Chuma nacho hupata kutu kwa kasi zaidi palepale kinapotoka ardhini, kwa kuwa kutu pia ni zao la maji na oksijeni. Hoja ya sumu ya aseniki iliyo kwenye nguzo zilizotiwa dawa ina uzito zaidi. Marekani iliiondoa kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, na kwetu hatari kubwa haipo kwenye nguzo iliyosimama bali kwenye iliyoanguka: kipande chenye rangi ya kijani kibichi kikiingia jikoni kama kuni, aseniki huingia kwenye moshi na majivu, na majivu hayo mara nyingi huishia kwenye bustani ya mboga.

Iliyoanguka, kwa bahati nzuri, mara nyingi ina mita mbili za mti mzima. Kata sehemu iliyooza, simika kigingi kifupi cha zege kinachochomoza juu ya ardhi, na ufunge mti huo ubavuni mwake kwa boliti mbili, ncha yake ikiwa juu ya udongo kwa upana wa kiganja. Maji yatachuruzika na kudondoka, upepo utaikausha ncha, na mchwa akitaka kupanda itabidi ajenge njia yake juu ya zege, mahali ambapo mwenye uzio akipita asubuhi ataiona na kuibomoa.