Chemba ya bunduki ikizidi urefu, ganda la risasi hukatika

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

MSTARI mwembamba unaong'aa, uliolizunguka ganda la risasi karibu na kitako, ni dalili ambayo mmiliki wa bunduki ya kuwindia hapaswi kuidharau. Mara nyingi huashiria kuwa chemba ya bunduki imezidi urefu kidogo, na ganda hilo likijazwa tena baruti na kupigwa, huweza kukatika vipande viwili ndani ya bunduki.

Chemba inayozungumzwa hapa si wilaya iliyoko mkoani Dodoma, bali ni chumba kilicho nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Risasi ikiingia humo hugota mahali fulani, kisha komeo hufungwa nyuma yake. Umbali kati ya uso wa komeo na mahali risasi inapogota ndio kiini cha tatizo. Ukizidi kwa sehemu ya kumi ya milimita, sawa na unene wa karatasi, risasi hukaa ikiwa imelegea.

Pini inapogonga fataki, risasi husukumwa mbele. Baruti ikishaungua, kuta nyembamba za ganda hutanuka na kushikamana na chemba, ilhali kitako, ambacho ni kinene, hurudishwa nyuma hadi kwenye komeo. Shaba iliyo kati ya sehemu hizo mbili haina budi kuvutika, na kila inapovutika hupungua unene. Ndiyo maana ganda jipya huvumilia, lakini lililojazwa mara kadhaa hukatika. Gesi ya moto ikipenya hapo, huweza kumrudia mpigaji usoni.

Wenye magobore hawahusiki, kwa kuwa silaha hizo hushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu na hazina ganda. Wanaohusika ni wenye bunduki kama za .375 Holland & Holland, risasi iliyoanza mwaka 1912 na ambayo wawindaji wa nyati huifahamu vema katika mapori ya akiba kama Rungwa na Kizigo. Ganda lake lina mkanda karibu na kitako, na huo ndio unaoizuia risasi isizame zaidi. Kwa kuwa mkanda ndio kizuizi, watengenezaji wengi huacha nafasi kubwa mbele ya bega la ganda, hivyo hata bunduki isiyo na kasoro huweza kulivuta ganda kwa risasi ya kwanza tu.

Katika nchi ambako wawindaji huruhusiwa kujaza risasi wenyewe, dawa yake ni kutolirudisha bega nyuma kupita kiasi wakati wa kulinyoosha ganda lililokwisha kupigwa. Bega husukumwa kama sehemu tano za mia za milimita, kiasi cha komeo kufunga bila kulazimishwa. Ganda hugotea begani badala ya mkandani, na uvutaji hupungua sana. Hata hivyo, risasi ya namna hiyo ni ya bunduki ileile iliyopimiwa. Katika bunduki nyingine huenda komeo likakataa kabisa kufunga, na mbele ya nyati aliyejeruhiwa hilo si jambo dogo.

Hapa nchini, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza risasi bila kibali, kwa hiyo kazi hiyo si ya kujaribiwa sebuleni.

Aidha, chemba iliyozidi sana haitibiwi kwa ujazaji. Jeshi la Uingereza lililitambua hilo mapema. Kwa bunduki za .303 lilikubali nafasi ya kati ya milimita 1.63 na 1.88 hivi, na kwa Lee-Enfield Namba 4 vilitolewa vichwa vya komeo vyenye namba 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia, ili fundi abadilishe kichwa na kuiacha risasi kama ilivyo.

Fundi wa silaha mwenye leseni hutumia vipimo viwili vya chuma. Komeo linapaswa kufunga juu ya kipimo kifupi na kukataa kufunga juu ya kirefu. Mmiliki asiye na vipimo anaweza kuchukua waya mwembamba, akaukunja ncha kama ndoana na kuuburuta ndani ya ganda tupu kuelekea kitakoni. Ncha ikikwama kwenye mfereji, ganda hilo halifai tena, na bunduki ipelekwe kwa fundi kabla ya kupigwa risasi nyingine.