Mtoto Mwenye Selimundu: Matunzo ya Kila Siku na Mchango wa Kila Kaya

Selimundu ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa baba na mama pamoja. Hauambukizi, wala hautokani na kurogwa. Wazazi wote wawili wakibeba kinasaba chake, hata kama wenyewe ni wazima, kila mimba huwa na uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaliwa mtoto mgonjwa. Chembe nyekundu za damu yake hujikunja mithili ya mundu na kuziba mishipa midogo, ndipo huja maumivu makali. Chembe ya kawaida huishi takribani siku 120. Iliyojikunja huishi siku 10 hadi 20 tu, hivyo mtoto hupungukiwa damu.

Uhai wake hulindwa nyumbani. Anywe maji ya kutosha, akingwe na baridi, alale ndani ya chandarua chenye dawa, na apewe kila siku dawa alizoandikiwa, ikiwemo penisilini hadi atimize miaka 5. Akipata homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, safari za kliniki kutoka Geita au Shinyanga hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, huilemea kaya ya mkulima au mchimbaji mdogo. Wakazi wanahimizwa kuanzisha, kupitia mikutano ya mitaa na vijiji, mfuko wa nauli na bima ya afya, na kujitokeza kuchangia damu. Tumezoea kuchanga msibani. Tuchange mtoto angali hai.