Siku Moja Msituni na Mjini: Jinsi ya Kupanga Safari ya Muir Woods na Sausalito



Chama kinapompeleka mwenzetu masomoni ng'ambo, mara nyingi hupata siku moja ya mapumziko, na wengi huimaliza madukani. Wapo pia ndugu na watoto wetu wanaofanya kazi California, ambao nao wana siku chache za kupumzika. Leo tunaeleza namna mtu aliye San Francisco anavyoweza kuitumia siku hiyo: asubuhi katika msitu wa Muir Woods, alasiri katika mji wa Sausalito. Hata asiyetazamia kusafiri asome, kwa maana mahali hapa pana habari inayotuhusu sisi wafanyakazi.

MSITU WENYEWE

Muir Woods uko kaskazini ya daraja la Golden Gate, chini ya kilomita 20 kutoka darajani. Miti yake huitwa redwudi, yaani mti mwekundu, kwa sababu ya rangi ya mbao zake. Mrefu kupita yote msituni humo una mita 79 hivi, na mingi ina umri wa miaka 400 hadi 800. Ajabu ni kwamba mizizi yake haishuki chini sana. Hutambaa mbali na kushikamana na mizizi ya miti jirani, na hivyo miti husaidiana kusimama wakati wa upepo. Mwanachama hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Zamani miti hii ilijaa pwani ya kaskazini ya California. Ilikatwa kwa ajili ya mbao, hata msitu wa asili uliobaki ni kama sehemu 5 tu katika 100. Bonde hili lilisalimika kwanza kwa kuwa lilikuwa gumu kufikika. Mwaka 1905 William Kent na mkewe Elizabeth walilinunua kwa dola 45,000. Mwaka 1907 kampuni ya maji ilitaka kujenga bwawa ambalo lingelizamisha bonde. Kent akaipa serikali kuu ekari 295, na tarehe 9 Januari 1908 Rais Theodore Roosevelt akalitangaza kuwa hifadhi ya taifa. Tarehe 19 Mei 1945 wajumbe waliokuwa San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa walikutana chini ya miti hiyo kumkumbuka Rais Franklin Roosevelt, aliyefariki mwezi wa Aprili.

MAMBO YA KUTAYARISHA

Kwanza, nafasi. Tangu mwaka 2018 huwezi kuegesha gari bila kulipia nafasi mapema. Basi la hifadhi nalo huwekewa nafasi, tena halisafiri kila siku. Chapisha risiti yako kwenye karatasi, kwa kuwa huko simu haishiki.

Pili, fedha. Kiingilio ni dola 15 kwa mtu mzima, mbali na gari. Watoto wa miaka 15 na chini hawalipi. Uliza tena kabla ya kwenda, maana bei hubadilika. Ni nafuu watu wanne wakichanga gari moja. Ushuru wa daraja hutozwa wakati wa kurudi San Francisco, na haupokelewi kwa fedha taslimu. Aliyekodi gari aulize mapema utalipwaje.

Tatu, nguo. Msitu una ukungu na kivuli hata katika miezi ya joto. Vaa kama anayekwenda kuchuma chai alfajiri: sweta na viatu vya kufunga.

Nne, chakula. Hairuhusiwi kukaa msituni na kula chakula ulichobeba. Kiweke, ukale Sausalito ufukweni, kwa kuwa hoteli za mji huo ni za watalii na bei zake ni kali.

Tano, saa. Fika saa mbili au saa tatu asubuhi, kabla ya umati. Njia kuu ni tambarare na inafuata kijito. Saa moja na nusu inatosha. Kutoka hapo hadi Sausalito ni kama nusu saa kwa gari. Asiye na gari anaweza kuufikia mji huo kwa feri ya abiria kutoka San Francisco, mwendo wa nusu saa hivi. Aulize kwanza saa ya feri ya mwisho.

MJINI SAUSALITO

Watalii wengi huishia kwenye maduka ya ufukweni. Ninyi endeleeni mpaka kwenye jengo liitwalo Bay Model. Lilikuwa ghala la Marinship, kiwanda cha meli kilichoanzishwa mwaka 1942 wakati wa vita. Hadi mwaka 1945 kilikuwa kimejenga meli 93, na kilipofikia kilele kilikuwa na wafanyakazi 20,000 hivi, wanaume kwa wanawake. Ndani mna maonyesho ya kazi yao, na hakuna kiingilio. Ulizeni siku za kufunguliwa.

Kiwanda kilikuwa na mkataba kwamba hakuna wa kuajiriwa bila kuwa katika chama. Lakini chama cha mafundi wa boila kiliwakataa mafundi weusi kuwa wanachama kamili. Kiliwataka waingie tawi la pembeni, walipe ada bila kuwa na kura. Mwaka 1943 wengi walikataa kulipa, wakaondolewa kazini. Joseph James, fundi wa kuchomea vyuma, akaongoza kesi. Mwaka 1944 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba chama kinachowalazimisha wote kujiunga hakiwezi kuwafungia mlango wengine kwa sababu ya rangi yao. Vita viliisha mwaka uliofuata na wengi wakapoteza kazi, lakini uamuzi ulibaki.

Kwa hiyo mjumbe atakaporudi, asitoe taarifa ya urefu wa miti peke yake. Aliulize tawi: je, kwetu hakuna wanaokatwa ada bila kusikilizwa? Vibarua wa msimu, akina mama wa kuchambua majani, wenzetu waliovuka mpaka kutafuta kazi, wana kura? Tunaomba kila tawi liliweke swali hilo katika ajenda ya mkutano wake ujao.