Safari za mwisho wa wiki zinavyoweza kumgharimu mwanafunzi Ulaya

KILA mwaka vijana kutoka Tanzania, Kenya na Uganda huondoka kwenda kusoma katika vyuo vikuu vya Ulaya. Wengi wao, wakishazoea baridi na lugha, hugundua jambo moja la kuvutia: nchi jirani iko karibu mno. Kutoka Cologne, Ujerumani, treni ya mwendo kasi hufika Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, kwa chini ya saa mbili. Kwa muda huo, basi lililotoka Dar es Salaam huwa bado halijafika Morogoro.

Urahisi huo ndio unaozaa mtihani ambao haumo katika ratiba ya chuo. Mwanafunzi ana siku tano za vipindi na siku mbili za mapumziko. Je, siku hizo mbili ni za kutembea, za kusoma, au za kutafuta fedha za kujikimu?

Kisheria, mlango uko wazi. Mkataba wa Schengen, uliotiwa saini mwaka 1985, uliondoa ukaguzi wa kawaida katika mipaka ya nchi wanachama, ambazo tangu Januari 2025 ni 29. Mwanafunzi wa Kiafrika mwenye kibali cha kuishi kilichotolewa na mojawapo ya nchi hizo anaruhusiwa kuzitembelea nyingine kwa muda usiozidi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Hata akisafiri kila Ijumaa na kurejea kila Jumapili kwa miezi sita mfululizo, hatafikisha siku 80.

Hata hivyo, ruhusa hiyo ina mipaka yake. Uingereza na Ireland hazimo katika eneo la Schengen, na raia wa nchi za Afrika Mashariki huhitaji viza kuingia huko. Uswisi, kwa upande wake, si mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini imo katika Schengen. Aidha, kutokuwapo kwa ukaguzi wa kawaida hakumaanishi kwamba hakuna anayekaguliwa. Septemba 2024 Ujerumani ilirejesha ukaguzi wa muda katika mipaka yake yote ya nchi kavu. Anayesahau pasipoti na kadi ya kibali chumbani anaweza kuteremshwa katika treni.

Kwa hiyo, kinachombana mwanafunzi si sheria ya mipaka, bali ni saa.

Vyuo vingi vya Ulaya hupima masomo kwa mfumo wa pamoja wa krediti, ujulikanao kwa kifupi kama ECTS. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, yaani 30 kwa muhula, na kila krediti huhesabiwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30. Maana yake ni kwamba muhula mmoja humdai mwanafunzi kati ya saa 750 na 900.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mwanafunzi akiwa na vipindi vya saa 20 kwa wiki, katika wiki 15 za mihadhara atakuwa amekaa darasani saa 300 tu. Saa 450 hadi 600 zilizobaki hazionekani katika ratiba yoyote. Ni saa za kusoma vitabu, kuandaa semina na kuandika insha, naye anatakiwa kuzipanga mwenyewe, bila ya kengele wala msimamizi.

Ratiba ya namna hiyo humdanganya mgeni. Ijumaa isiyo na kipindi huonekana kuwa siku ya bure, na mhadhiri asiyeita majina huonekana kuwa mpole. Lakini nchini Ujerumani, somo zima mara nyingi huamuliwa na mtihani mmoja wa mwisho wa muhula, na vyuo huweka kikomo cha kuurudia. Anayefeli somo la lazima hadi kufikia kikomo hicho anaweza kupoteza haki ya kuendelea na fani hiyo. Kwa mgeni, pigo halikomei hapo, kwani kibali chake cha kuishi kilitolewa kwa ajili ya masomo, na maendeleo yake chuoni huangaliwa wakati wa kukiongeza muda.

Fedha nazo zina neno lake. Tangu Septemba 2024, mwanafunzi anayejitegemea Ujerumani hutakiwa kwa kawaida kuonyesha kwamba ana euro 11,904 za matumizi ya mwaka, sawa na euro 992 kwa mwezi. Sheria inamruhusu kufanya kazi siku 140 kamili au 280 za nusu siku kwa mwaka, na wengi hufanya kazi hizo Jumamosi. Safari moja, basi, hula mara mbili: hutoa fedha mfukoni na huzuia nyingine kuingia.

Tiketi ya bei nafuu nayo haifai kuaminiwa kabla ya kupigiwa hesabu. Baadhi ya ndege za bei ya chini zinazotangazwa kuwa za Paris hutua Beauvais, umbali wa kilomita zipatazo 80 kutoka jijini. Uwanja wa Hahn, uliopewa jina la Frankfurt, uko zaidi ya kilomita 100 kutoka mji huo. Nauli ya basi la uwanjani na saa za kusubiri zikijumlishwa, unafuu huo hupungua sana.

Pamoja na hayo, kujifungia chumbani si busara. Safari iliyochaguliwa vyema ni sehemu ya elimu. Mwanafunzi wa sheria ana la kujifunza The Hague, Uholanzi, ilipo Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Mtanzania anayefika Makumbusho ya Viumbe ya Berlin atakuta mifupa ya dinosaria mkubwa iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, naye hatatoka na picha tu bali na maswali.

Linalotakiwa ni kupanga safari baada ya masomo, si masomo baada ya safari. Katika wiki ya kwanza ya muhula, mwanafunzi aandike kwanza tarehe za mitihani, za kuwasilisha insha, na za kujiandikisha kwa mitihani, kwa kuwa vyuo vingi vya Ujerumani havimruhusu asiyejiandikisha kwa wakati kufanya mtihani. Wiki zilizobaki tupu ndizo za kutembea.

Safari za mbali zinafaa kusubiri sikukuu. Siku ya Kupaa Bwana, ambayo huwa Alhamisi na ni mapumziko Ujerumani, humpa asiye na kipindi Ijumaa siku nne mfululizo. Wiki za kawaida zinatosha kwa safari ya Jumamosi moja, kwa treni za kawaida za mikoa, ili Jumapili ibaki ya vitabu. Chakula nacho kinunuliwe mapema, kwani maduka mengi Ujerumani hufungwa Jumapili, na arejeaye usiku huingia Jumatatu akiwa na njaa, uchovu na kurasa ambazo hazijasomwa.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Kwa mwanafunzi wa Ulaya, miji hiyo itakuwapo hata baada ya shahada. Muhula ukishaponyoka, si rahisi kuushika tena.