Busia na Malaba zina forodha, hazina Forodhani

Ukitaja usanifu wa Kiislamu huku mpakani mwa Kenya na Uganda, picha inayokuja haraka ni kuba na mnara wa msikiti. Picha hiyo imetunyima mengi. Kuanzia Granada hadi Lamu, mafundi wa jadi hiyo walishughulikia pia haja za mwili: mtu aliyechomwa na jua akae wapi, anawe wapi. Malaba, foleni ya malori ikirefuka, dereva hutandika mkeka chini ya trela na kuchemsha chai kando ya gurudumu, maana kivuli kiko hapo tu. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi Busia Februari 2018, kilikusudiwa kupunguza kungoja. Lakini bado watu wanangoja, na hawana pa kukaa.

Forodhani ya Zanzibar ilipata jina lake kwa forodha. Bustani yake ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, ikakarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa tena 2009. Jioni watu hula urojo pale, na hakuna anayeulizwa dini yake. Bustani ya umma ya namna hiyo ndiyo ninayoitaka Busia na Malaba.

Wapo watakaosema Busia ni kaunti yenye Wakristo wengi, na fedha za umma zisijenge alama za dini moja. Hofu hiyo ni ya haki. Kuba katika bustani ya kaunti hata mimi ningeipinga. Ila chifu akiita baraza, Mteso na Mkhayo wote huenda, na baraza ni jina lilelile la kiti cha mawe na chokaa kilichoshikana na ukuta wa nyumba ya Mswahili, ambapo mpita njia hupumzika bila kubisha hodi. Neno tumekwisha kulipokea; kilichobaki ni kiti chenyewe. Wala Uislamu si mgeni hapa: Mumias, jirani yetu, iliupokea kupitia wafanyabiashara wa pwani.

Kuhusu gharama, hatuhitaji chemchemi za marumaru. Busia hupata mvua misimu miwili. Mfereji wa paa na birika vyatosha kwa kunawa na kumwagilia miembe michache. Baraza lijengwe ukutani, upande usiopigwa na jua la alasiri, upana wake umtoshe dereva kujinyoosha.