Baiti Uliyokwisha Kuilipia

Faili la kusimika mfumo wa uendeshaji wa Ubuntu 24.04 kwenye kompyuta linakaribia gigabaiti 6. Mtu anayelipakua kwa bando la simu, mtandao ukimkatikia kwenye gigabaiti ya tano, hastahili kuanza upya, kwani hizo tano ameshazilipia. Tangu mwaka 1997, itifaki ya HTTP 1.1 inairuhusu kompyuta kuiomba seva faili kuanzia baiti fulani, na seva inayokubali hujibu kwa namba 206 kisha hutuma kipande kilichobaki tu. Programu mbili za bure zinazoendeshwa kwa kuandika amri, wget ya Hrvoje Nikšić (1996) na curl ya Daniel Stenberg (1998), humwachia mtumiaji uwezo huo mkononi mwake. Ndiyo maana nasema ni zana za kila anayenunua intaneti kwa megabaiti, si za mafundi peke yao.

Utaambiwa kwamba hata kivinjari kina kitufe cha kuendelea. Kweli kinacho, ila kivinjari kikishaamua kwamba upakuaji umeshindikana, mara nyingi hukifuta kipande ulichokipata. Andika wget -c, acha nafasi, bandika anwani: mtandao ukiyumba, programu itajaribu tena yenyewe hadi mara 20, na ukizima kompyuta, kipande kinabaki kwenye folda. Unaweza hata kukihamisha kwa flashi hadi kwenye mashine yenye mtandao bora, ukatoa amri ileile, na kazi ikaendelea pale ilipoishia. Ugumu wa amri nao unakuzwa mno. Ni mstari mmoja, na curl imo ndani ya Windows 10 tangu 2018.

Pingamizi lenye uzito ni jingine. Ikiwa faili limebadilishwa kwenye seva kati ya jana na leo, wget -c itaunganisha nusu ya zamani na nusu mpya bila kushtuka, maana inachotazama ni urefu tu. Dawa ipo: Canonical, watengenezaji wa Ubuntu, huchapisha orodha iitwayo SHA256SUMS, yenye alama 64 kwa kila faili. Amri ya sha256sum hukokotoa alama za nakala yako, na biti moja tu ikiwa tofauti, alama hazitalingana. Zisipolingana, futa upakue upya. Hasara ya bando ni ndogo kuliko ya kusimika mfumo uliochanganyika.