Tairi la Theluji katika Tope la Mbuga

Ibadakuli ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, palipo kiwanja cha ndege na kituo kikubwa cha kupozea umeme. Gari dogo litokalo huko kwenda vijijini hukutana na barabara za aina mbili katika safari moja: lami kwanza, kisha njia ya udongo. Wakati wa kiangazi njia hiyo ni ngumu kama saruji. Mvua zikishaanza, aghalabu mwezi Novemba, hugeuka utelezi. Ndipo mwenye gari hujiuliza maswali mawili mbele ya fundi wa matairi. Je, abaki na rimu kubwa alizozikuta kwenye gari, au ateremke hadi rimu ndogo? Na yale matairi ya theluji yaliyokuja na gari kutoka Japani, yenye kashata nene zilizochanjwachanjwa, je, si ndiyo yafaayo kwa tope? Maswali haya huulizwa kwa pamoja, lakini majibu yake hayafanani, na kosa katika jibu la pili laweza kugharimu maisha ya abiria.

Yafaa kwanza kuutazama udongo wenyewe. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, alieleza jinsi aina za udongo zinavyofuatana kwa utaratibu kutoka kilele cha kilima hadi bondeni. Usukumani utaratibu huo huonekana wazi: juu kuna mawe ya matale na mchanga, na chini kabisa kuna mbuga, yaani mfinyanzi mweusi. Mfinyanzi huo hunywa maji na kuvimba. Ukikauka husinyaa na kupasuka nyufa. Kwa hiyo gari lishukalo mlimani huanza na mawe yenye ncha na kumalizia katika tope linatalo. Tairi litafutwalo ni lile liwezalo kuvumilia yote mawili, na kisha kurudi salama kwenye lami.

Swali la rimu hujibiwa kwa hesabu. Tairi lililoandikwa 195/50 R15 lina upana wa milimita 195. Ubavu wake ni asilimia 50 ya upana huo, yaani milimita 97.5, nalo huvikwa rimu ya inchi 15. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili, kimo chake ni milimita 576. Sasa chukua tairi la 175/70 R13. Ubavu wake ni milimita 122.5, na kimo chake chote ni milimita 575.2. Matairi haya mawili yana kimo kinachokaribia kuwa kimoja, hata kipimamwendo hakitadanganya, wala gari halitashuka. Kilichobadilika ni kwamba milimita 25 za chuma zimeondolewa kila upande, na mahali pake pamewekwa mpira na upepo.

Milimita hizo 25 ndizo faida. Gurudumu likigonga jiwe au ukingo wa shimo, ubavu mrefu hubonyea na kurudi. Ubavu mfupi hubanwa kati ya jiwe na rimu, ukakatwa, au rimu ikapinda. Kadhalika, shokapu na springi hupunguziwa mshindo. Kwa magari madogo ya abiria yanayokwenda vijijini na machimboni kuelekea Geita, yale yaitwayo michomoko, faida hiyo si ndogo.

Hata hivyo, hesabu hii ina mipaka. Rimu ndogo haina budi kupita juu ya breki bila kuzigusa. Magari mengine yana breki kubwa zisizoruhusu inchi 13. Matundu ya nati lazima yalingane kwa idadi na kwa nafasi. Tena, namba ya uzito iliyo ubavuni isiwe chini ya ile iliyowekwa na mtengenezaji wa gari. Namba 82, mathalani, maana yake ni kilo 475 kwa tairi moja. Gari linalobeba abiria na mizigo haliwezi kupuuza namba hiyo.

Wapo wanaosema kwamba tairi jembamba huzama zaidi kwa sababu eneo lake ni dogo. Fikiri gari la kilo 960 lililogawa uzito wake sawasawa, kilo 240 kwa kila gurudumu. Likijazwa upepo wa paundi 30, yaani takriban kilo 2.1 kwa kila sentimita ya mraba, eneo liligusalo ardhi ni karibu sentimita za mraba 114, liwe jembamba au pana. Kinachobadilika hasa ni umbo: la tairi pana ni fupi na pana, la jembamba ni refu na jembamba. Tope likiwa ute wa juu tu, umbo refu huukata na kufikia ardhi ngumu, ilhali tairi pana husukuma tope jingi mbele yake. Lakini mbuga ikishalowa hadi chini, hakuna rimu itakayoliokoa gari dogo; tumbo lake litakalia tope, na busara ni kungoja au kupita njia nyingine.

Swali la pili ni la kemia. Tairi la majira ya baridi ni uvumbuzi wa nchi za theluji. Ufini ilitengeneza la kwanza kwa malori mwaka 1934. Mpira wa kawaida hukakamaa kadiri baridi inavyozidi, na chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi hupoteza mshiko wake. Kwa hiyo mpira wa tairi la theluji huchanganywa ili ubaki laini katika baridi, na kashata zake huchanjwa mikato mingi myembamba inayong'ang'ania barafu. Japani, baada ya sheria ya mwaka 1990 dhidi ya matairi yenye misumari, ambayo yalikuwa yakisaga lami na kujaza miji vumbi, aina hii laini isiyo na misumari ndiyo iliyoenea. Ndiyo maana baadhi ya magari yaliyotumika huwasili bado yamevaa matairi hayo.

Shinyanga haina nyuzi 7, hata usiku wa Julai. Lami iliyopigwa na jua la mchana yaweza kupita nyuzi 50. Hapo mpira uliotengenezwa kuwa laini katika baridi huzidi kulainika: kashata huyumba chini ya mzigo, tairi huchakaa upesi, na gari hukawia kusimama dereva akanyagapo breki. Mikato yake myembamba nayo haisaidii katika mbuga, kwani mfinyanzi huijaza mara moja na tairi likawa kama kipara. Tope hutaka mifereji mipana inayoweza kujisafisha gurudumu linapozunguka.

Kulitambua tairi hilo si vigumu. Tazama ubavuni kama kuna neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S pekee hazitoshi kuwa ushahidi, kwani huandikwa hata kwenye matairi ya majira yote. Tazama pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama kashata bado ni nene.

Basi, mwenye gari dogo wa Ibadakuli anaweza kuteremka hadi rimu ndogo bila hofu, ikiwa kimo, breki na namba ya uzito vimezingatiwa. Matairi ya theluji ayavue, hata yakiwa bado mapya kwa macho, na kuweka ya kawaida yenye mifereji mipana. Bei ya matairi manne ni kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida. Lakini kila linapofungwa breki, gari zima na waliomo hushikiliwa na maeneo manne tu, kila moja kama ukubwa wa kiganja cha mkono.